Futi 200 juu ya mchanga: vikosi vya Tornado katika siku 8 za kwanza za vita vya Ghuba

Silaha iliyoitwa JP233 ilikuwa na sharti moja: ukishaanza kuimwaga, hukati kona. Ni makasha mawili marefu yaliyofungwa chini ya tumbo la ndege, kila moja lina uzito wa zaidi ya tani 2. Ndani ya kila kasha mna vibomu 30 vya kupasua lami na mabomu madogo 215 ya kutegwa, ambayo kazi yake ni kuwazuia mafundi wasije kuziba mashimo. Ili vyote vianguke panapotakiwa, ndege hupita juu ya uwanja wa adui kwa kimo cha futi 200 hivi, yaani mita 60, imenyooka kama uzi, kwa mwendo wa kilomita 900 na kitu kwa saa. Hapo inakata kama mita 250 kwa kila sekunde. Kazi ni ya sekunde chache, lakini katika sekunde hizo mimweko ya vibomu vinavyochomoka humulika tumbo la ndege gizani, na kila aliyeketi nyuma ya mzinga huko chini anajua aelekeze wapi. Makasha yakishamalizika hujiachia yenyewe na kuanguka, na ndege iliyotua mzigo ghafla hushtuka kwa mtikisiko ambao ni rahisi mno kuudhania pigo la kombora.

Hivyo ndivyo vikosi vya Tornado vya jeshi la anga la Uingereza vilivyoingia Iraq usiku wa kuamkia tarehe 17 Januari 1991. Kufikia tarehe 24 mwezi huohuo walikuwa wamepoteza ndege 5 vitani na nyingine moja kwa ajali. Wanaanga wanne walikuwa wamekufa, sita wako mikononi mwa Wairaki. Tangu wakati huo yamesemwa mengi, na lililosemwa zaidi ya yote ni kwamba JP233 ndiyo iliyowamaliza. Nimekifuata kisa hiki kwa muda mrefu, na kila ninapohesabu ndege moja moja, shtaka hilo linanikatalia.

Kwanza tuijue ndege yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Uingereza, Ujerumani Magharibi na Italia ziliamua kutengeneza kwa pamoja ndege moja ya kivita itakayofanya kazi nyingi. Kampuni ya Panavia ikaundwa mwaka 1969 kwa kazi hiyo, na ndege ya kwanza ikaruka Manching, Ujerumani, tarehe 14 Agosti 1974. Kabla haijaitwa Tornado, jina lake kwenye makaratasi lilikuwa herufi nne tu, MRCA, maana yake ndege ya kivita ya majukumu mengi. Ina injini mbili na viti viwili: rubani mbele, nevigeta, yaani mwelekezaji wa njia, nyuma. Mabawa yake yanasogea, yananyooshwa wakati wa kuruka na kutua, kisha yanakunjwa kurudi nyuma hadi nyuzi 67 inapotaka kasi. Na puani ina rada ya kusoma umbo la ardhi, inayoiwezesha kupanda vilima na kushuka mabondeni yenyewe, usiku, ndani ya mawingu, bila rubani kuona kitu.

Wanaanga wa nchi zote tatu walisomea ndege hii darasa moja, katika chuo cha pamoja kilichofunguliwa Cottesmore, Uingereza, mwaka 1981. Mwaka uliofuata Kikosi cha 9 kikawa cha kwanza kuipokea kwa ajili ya vita. Baada ya hapo vilifuata vingine kwa haraka, na vingi vikapangwa Ujerumani Magharibi, katika kambi za Brüggen na Laarbruch, uso kwa uso na majeshi ya Mkataba wa Warsaw, yaani Wasovieti na washirika wao.

Hapo ndipo pa kukazia macho. Ndege iliitwa ya majukumu mengi, lakini vikosi hivi vilipewa jukumu moja na vikalinoa kwa karibu miaka 10: vita vikizuka Ulaya, waruke chini chini, usiku au kwenye ukungu, wajifiche nyuma ya vilima na misitu wasionekane na rada za Wasovieti, wafike kwenye viwanja vya ndege vya adui na kuvifunga. Walijizoeza Goose Bay, Kanada, wakishuka hadi futi 100. Walikwenda Nevada, Marekani, kushindana na wenyeji wao. Injini za Tornado zenyewe zilibuniwa kwa hewa nzito ya chini. Ukiipakia mabomu na kuipandisha futi 20,000 inachoka, inapumua kwa shida. Kompyuta yake ya kulenga ilifikiri kwa lugha ya chini. Hata ujasiri wa vijana wale ulikuwa wa namna hiyohiyo, kwa sababu mtu aliyeruka futi 100 kila wiki huona juu ndiko kwenye hatari. Mazoea yana taabu, walisema wahenga, na mazoea ya kikosi kizima yana taabu zaidi kwa kuwa yameandikwa kwenye mitaala, yameingia kwenye bajeti, na ndiyo yaliyowapandisha watu vyeo.

Iraq ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, Uingereza ilianza kupeleka Tornado Ghuba, hatimaye zikawa katika kambi tatu: Muharraq huko Bahrain, na Dhahran na Tabuk huko Saudi Arabia. Zilipakwa rangi ya mchanga iliyoelekea uwaridi. Wanaanga walichanganywa kutoka vikosi vingi. Katika kambi moja ungewakuta watu wa Kikosi cha 15, cha 27, cha 617 na wengineo wakigawana ndege zilezile. Kazi waliyopangiwa ilikuwa ileile waliyoijua. Jeshi la anga la Iraq lilikuwa na mamia ya ndege, na hakuna aliyekuwa na uhakika litafanya nini. Lazima lifungiwe ardhini, na silaha ya Uingereza iliyotengenezwa mahususi kwa kufunga viwanja ilikuwa JP233. Majenerali wa Marekani hawakuwa na silaha iliyochanganya vibomu vya kupasua lami na mabomu ya kutegwa kama hiyo. Kwa hiyo Uingereza ilileta ilichonacho.

Ila mchanga si Ulaya. Hakuna bonde la kujificha wala msitu. Na viwanja vya Iraq havikuwa na njia moja ya kurukia inayokatika katikati ukawa umemaliza kazi. Tallil, Al Asad na Al Taqaddum ni makambi makubwa ajabu, yenye njia za kurukia zaidi ya moja na barabara za pembeni ambazo ndege inaweza kuzitumia ikibidi. Kuzifunga kabisa kwa ndege chache kulikuwa hakuwezekani. Wapangaji wa vita walilijua hilo, wakaagiza zikatwe zile njia zinazotoka kwenye mahandaki ya ndege, ili Wairaki wacheleweshwe kutoka. Jambo la pili lilikuwa mizinga. Baada ya vita vya miaka 8 na Iran, Iraq ilikuwa imejaza mizinga ya kutungulia ndege kila mahali penye maana. Rada zikipigwa, makombora makubwa yanapofuka. Mzinga hauhitaji rada. Askari anasikia mngurumo, anafumba macho, anafyatua kuelekea juu, na juu ya uwanja mmoja risasi za namna hiyo zinakuwa pazia. Anayepita futi 200 anapita ndani ya pazia hilo, na anayepita futi 20,000 hulitazama kwa chini kama fataki.

Sasa tuzihesabu.

Usiku wa kwanza, ndege zilizobeba JP233 zilirudi. Ya kwanza kuanguka ilianguka asubuhi ya tarehe 17, mchana kweupe, na haikuwa na JP233. Ndege nne zilitoka Muharraq na mabomu ya kawaida ya ratili 1,000 kwenda uwanja wa Ar Rumaylah. Mbinu ilikuwa ya kurusha kwa kupanda: unakuja chini kabisa, ukikaribia unainua pua ghafla, unaachia mabomu yakiwa yanapaa, yanakwenda mbele kama jiwe la kombeo, nawe unageuka na kushuka tena. Katika ndege moja walikuwamo John Peters na John Nichol wa Kikosi cha 15. Mabomu yao hayakutoka. Wakiwa wanageuka kurudi, wakapigwa na kombora, ndege ikawaka moto, wakajirusha kwa viti. Siku chache baadaye nyuso zao zilionekana kwenye televisheni ya Iraq, na uso wa Peters ulikuwa umevimba kiasi cha kutotambulika. Picha ile ilizunguka dunia nzima, na nadhani hapo ndipo hadithi ya "Tornado zinaanguka" ilipojikita vichwani mwa watu, kabla mtu hajauliza zinaangukaje.

Ya pili ndiyo ya JP233. Usiku uliofuata, Nigel Elsdon, kamanda wa Kikosi cha 27, na nevigeta wake Max Collier walikwenda kushambulia uwanja wa Shaibah, karibu na Basra. Hawakurudi. Walikuwa wameshamwaga mzigo wao na kuupita uwanja ndipo wakaanguka. Kifo cha kamanda si kama kifo cha mtu mwingine kikosini. Asubuhi ileile vijana wake walitakiwa kujipanga kwa safari nyingine, na walijipanga.

Ya tatu ilitunguliwa usiku wa tarehe 19 ikielekea Tallil. Ilikuwa na mabomu ya kawaida, kwa mbinu ya kurusha kwa kupanda, na kazi yake ilikuwa kuwainamisha wapiga mizinga ili ndege za nyuma yao zipite na JP233. Rubani na nevigeta walitekwa. Ya nne ilipotea tarehe 22 karibu na Ar Rutbah, kwenye shambulio dhidi ya kituo cha rada, mabomu ya kawaida, kurusha kwa kupanda; wote wawili walikufa. Ya tano, tarehe 24, ilikuwa tayari juu, mbali na mizinga, ikaharibiwa na bomu lake yenyewe lililolipuka mara tu lilipoachiwa. Wanaanga wake walijirusha, wakatekwa.

Ndege moja kati ya tano. Hizo ndizo hesabu za JP233, nayo ilikuwa imeshamaliza kuimwaga. Tatu zilianguka zikiwa chini na mabomu ya kawaida, kwa mbinu ile inayokulazimu uinue tumbo lako mbele ya adui wakati umekwisha kumkaribia. Siisafishi JP233, ilikuwa silaha ya kutisha kwa anayeibeba, na mabomu yake ya kutegwa yalikuwa ya kutisha zaidi kwa yeyote atakayepita hapo baadaye. Ninachosema ni kwamba hatari ilikuwa katika kimo. Tena kimo hicho kilichaguliwa miaka 10 kabla, kwa ajili ya nchi nyingine, hali ya hewa nyingine na adui mwingine.

Ushahidi mwingine uko kwa jirani. Italia nayo ilikuwa imepeleka Tornado, Al Dhafra karibu na Abu Dhabi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari ndege 8 zilipangiwa shambulio, mara ya kwanza kwa jeshi la anga la Italia kwenda vitani tangu vita vikuu vya pili. Moja ilirudi mapema kwa hitilafu. Nyingine zilifika kwenye ndege ya Kimarekani ya kujaza mafuta zikakuta hewa imechafuka, mpira wa mafuta unayumba huku na huko, na moja baada ya nyingine zikashindwa kuchomeka. Moja tu ilifanikiwa: ya Gianmarco Bellini na Maurizio Cocciolone. Wakabaki peke yao. Kwa sheria za kawaida wangeweza kurudi, wala hakuna ambaye angewalaumu. Bellini aliamua kuendelea. Walishuka chini kama walivyofundishwa, Tornado moja pekee ikielekea kwenye mizinga ya nchi nzima, wakatunguliwa. Wote wawili walitekwa, na wiki hiyohiyo uso wa Cocciolone nao ukaonyeshwa kwenye televisheni. Hawakubeba JP233, walikuwa wa nchi nyingine na kambi nyingine. Walichoshirikiana na Waingereza ni ndege, chuo, na kimo.

Saudi Arabia, iliyokuwa imenunua Tornado zake kutoka Uingereza katika miaka ya 1980, iliruka nazo vilevile na kupoteza moja. Vikosi vya Ujerumani, ambavyo kwa wingi wa Tornado havikuwa nyuma ya mtu, havikupigana vita hivyo; zamu yao ilikuja mwaka 1999 juu ya Kosovo, kwa kazi tofauti kabisa ya kuwinda rada.

Kilichofuata hakisimuliwi sana, nami nakiona ndicho kiini cha kisa. Ndani ya wiki moja Waingereza waliacha kuruka chini. Si wao peke yao waliofikia uamuzi huo: B-52, ndege kubwa za mabomu za Marekani zilizoanza vita zikiwa chini, nazo zilipanda juu baada ya siku za kwanza. Sababu zilikuwa mbili kwa pamoja. Moja, rada na makombora makubwa ya Iraq yalikuwa yamepigwa vya kutosha, huko juu kukawa salama kuliko chini. Nyingine, ndege za Iraq hazikutoka. Zilikaa ndani ya mahandaki ya zege, na Wamarekani walipoanza kuyatoboa mahandaki hayo kwa mabomu ya leza, ndege zaidi ya 100 zikakimbilia Iran. Kufunga njia za kurukia ambazo hakuna anayezitumia hakukuwa na faida ya kufa kwa ajili yake. Jukumu lililovilea vikosi hivi tangu kuzaliwa liliisha kwa siku kadhaa tu.

Sasa wako juu, na juu hawana la kufanya. Mabomu ya kawaida kutoka futi 20,000 huangukia popote yanapotaka. Uwanja mkubwa unaweza kuupata, daraja hulipati. Walihitaji mabomu ya leza. Mabomu yenyewe walikuwa nayo. Kilichokosekana ni kifaa cha kumulika shabaha, ile taa isiyoonekana ambayo bomu huifuata hadi chini. Tornado, ndege ya majukumu mengi, ilikwenda vitani bila taa hiyo.

Aliyeokoa jahazi alikuwa mzee. Buccaneer, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958, iliyotengenezwa kwa ajili ya manowari za kubeba ndege na iliyokuwa ikisubiri kustaafu huko Lossiemouth, Scotland, ilikuwa na kifaa cha kumulika kiitwacho Pave Spike. Kabla ya vita haikualikwa. Mwishoni mwa Januari ikaitwa kwa dharura: ndege 12 zikapakwa rangi ya mchanga na kupelekwa Muharraq. Tarehe 2 Februari zikaongozana na Tornado kwa mara ya kwanza, kwenda kwenye daraja juu ya mto Frati. Mpango ulikuwa rahisi kuusema, mgumu kuutenda: Tornado anaachia, Buccaneer anamulika, na nevigeta wa Buccaneer anashikilia alama kwenye kioo kidogo cha televisheni bila kupepesa hadi bomu lifike. Kifaa hicho kilifanya kazi mchana tu. Wiki moja baadaye, tarehe 10 Februari, wanaanga wa Tabuk wakaanza kutumia kifaa kipya kabisa, TIALD, kilichoona hata usiku, kikafungwa kwenye Tornado zenyewe. Vilikuwapo viwili tu, vimetolewa kiwandani kabla havijaiva.

Watu waliojifunza kazi moja kwa miaka 10 walijifunza nyingine kwa siku 10, wakiwa vitani, huku wenzao wako kifungoni na wengine wamekufa. Hilo linastahili heshima zote. Linastahili pia swali kwa waliokaa ofisini: kama iliwezekana Februari, nini kilizuia isiwezekane kabla ya Januari? Jibu ninaloliona ni kwamba hakuna aliyeona haja. Vita vya Ulaya vilikuwa vimepangwa kwa kina mno hata ikaonekana hakuna vita vingine duniani.

Na kuruka juu hakukuondoa kifo. Tarehe 14 Februari, katika shambulio la mabomu ya leza dhidi ya daraja la Fallujah, bomu lilikataa kuongozwa, likaangukia mjini, na raia wakafa. Walikuwa watu wa sokoni, hawana mzinga wala rada. Wanaoandika habari za vikosi huliweka tukio hilo kwenye mstari mmoja, nami naona linastahili kusimama sambamba na orodha ya ndege zilizopotea. Siku hiyohiyo, Tornado iliyokuwa ikishambulia Al Taqaddum kutoka juu ilipigwa na makombora ya ardhini. Rubani alijirusha akatekwa. Nevigeta wake alikufa, na ikawa Tornado ya mwisho ya Uingereza kutunguliwa katika vita hivyo.

Wafungwa saba wa Tornado za Uingereza waliachiwa huru mwanzoni mwa Machi, pamoja na Bellini na Cocciolone. JP233 iliondolewa kazini baada ya Uingereza kuingia Mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini, kwa kuwa yale mabomu madogo 215 ya kila kasha yaliangukia ndani ya marufuku hiyo. Tornado zenyewe ziliboreshwa zikaitwa GR4, zikapewa vifaa vya kumulika na mabomu ya kujiongoza, na zikarudi katika anga ya Iraq mara nyingi, kwa kawaida zikiwa juu. Vikosi viwili vya mwisho vya Uingereza kuziaga, katika kambi ya Marham mwaka 2019, vilikuwa cha 31, ambacho kamanda wake aliongoza wanaanga wa Dhahran mwaka 1991, na cha 9, kilekile kilichokuwa cha kwanza kuzipokea mwaka 1982.